Udongo wa Ndugu Radulfu

Kwa miaka saba mke wangu aliishi na wamonaki, na mimi niliishi nao kwa sababu nilikuwa nimemwoa. Walikuwa Wabenediktini wa Normandia, wote marehemu tangu kabla Uswidi haijawa na barabara, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuosha kikombe pale nyumbani. Tulikaa Alby, pembezoni mwa Stockholm, ghorofa ya tano, vyumba viwili na jiko. Chumba kimoja kilikuwa chetu sisi na mtoto. Kingine kilikuwa cha abasia yao.

Mimi ni Wanjohi. Nilikuja Stockholm mwaka 1974 kusomea ujenzi wa madaraja, na kwa kuwa Waswidi walikuwa wameshajenga madaraja yote waliyoyataka, nikaishia kwenye kibanda cha tiketi cha treni ya chini ya ardhi kule Farsta, nikigonga mihuri. Mke wangu Wamuyu alinifuata miaka minne baadaye, na shahada yake ya historia kutoka Nairobi, na Kilatini alichofundishwa Nyeri na masista waliokuwa wakishika kitabu kwa mkono mmoja na rula kwa mwingine. Mwaka 1980 akakubaliwa kusomea udaktari wa historia.

Msimamizi wake aliitwa Lennart Hedqvist, dosenti, ngazi moja chini ya profesa, mtu wa sweta nzuri nzuri na sauti ya chini. Alikuwa na neno moja, "inavutia", alilolitumia kila alipotaka kukataa jambo. Ilimchukua Wamuyu mwaka mzima kulielewa, na kabla ya hapo alidhani anasifiwa.

"Ningependa kuandika juu ya mashamba ya ng'ambo," alimwambia siku ya kwanza. "Abasia za Normandia na ardhi zao za Uingereza."

"Inavutia," dosenti akasema. "Lakini hujawahi kufikiria kuandika juu ya Wakikuyu?"

"Wakikuyu hawakuwa na abasia."

"Namaanisha kitu kilicho karibu na wewe."

Kwenye ujia wa idara hiyo, mlango wa tatu, alikaa mtafiti aitwaye Göran, mzaliwa wa Västerås, aliyekuwa akiandika juu ya soko la maharage la Murang'a. Huyo hakuna aliyemuuliza kama hana maharage yaliyo karibu naye. Kila Januari, theluji ilipozidi, utafiti wake ulimlazimu kusafiri. Alirudi Machi akiwa mwekundu kama tofali na kumletea Wamuyu kanda za mahojiano ili amsikilizie na kumtafsiria, kama mwenzake wa kazi. Wamuyu alitafsiri mbili. Ya tatu alimrudishia, akamwambia kuwa inavutia.

Sasa nieleze hayo mashamba, maana mimi nilielezwa kila jioni mezani na nimebaki nayo. Mwaka 1066 mtawala wa Normandia alivuka maji akaiteka Uingereza, na kwa kuwa aliamini Mungu ndiye aliyemsaidia, akamshukuru Mungu kwa mashamba ya Waingereza. Abasia za kwao zikajikuta zinamiliki vijiji ambavyo abati, mkuu wa abasia, hajawahi kuvitia machoni. Basi abati akawa anatuma wamonaki wawili wakae huko, waimbe sala zao, waangalie shamba, na kila mwaka wapeleke nyumbani jibini na sufu. Wenyeji waliambiwa hiyo ni baraka. Vita vilipozuka kati ya Uingereza na Ufaransa, mfalme aliwakumbuka hao wageni, akawaandikisha, akawanyang'anya mashamba, na wale wa karibu na pwani akawahamishia bara, wasije wakapeleka ishara kwa meli za adui. Mimi wakati huo nilikuwa nakwenda polisi kila mwaka na picha mbili za pasipoti kuomba kibali cha kukaa, kwa hiyo sehemu hiyo niliielewa bila kitabu.

Wamuyu aliielewa kwa njia nyingine. Baba yake alikuwa mnyapara wa shamba la mkonge huko Makuyu, mali ya bwana mmoja aliyekaa Uingereza. Kila mwezi mzee alimwandikia bwana barua ndefu: mashine imekufa, kisima kimekauka, vibarua wana homa. Bwana alijibu mara mbili kwa mwaka akiulizia kaburi la mbwa wake, kama maua yanamwagiwa maji. Wamuyu ndiye aliyekuwa akimsomea baba yake majibu hayo, akiwa na miaka kumi. Dosenti Hedqvist alipomuuliza juu ya kitu kilicho karibu naye, hakuona haja ya kumweleza.

Kilichomfanya dosenti akubali hatimaye ni sanduku. Lilikuwa hapahapa Stockholm, kwenye jumba moja la nyaraka. Mjumbe fulani wa Kiswidi alilinunua Paris wakati wa mapinduzi ya Ufaransa, mali za kanisa zilipokuwa zikiuzwa kama mitumba, akalileta kwao akiamini lina vito. Alipofungua akakuta barua, akalitupa darini, na wajukuu wa wajukuu wake wakalikabidhi serikalini wakapigwa picha. Zilikuwa barua za abasia ya Mtakatifu Auberti wa Vinamasi, na nyingi ziliandikwa na mmonaki mmoja, Ndugu Radulfu, aliyetumwa kwenye kijiji cha Withercombe, kusini mwa Uingereza, akakaa huko miaka ishirini na sita.

Radulfu akawa mtu wa nyumbani. Tulijua magoti yake, tulijua mbuzi wake. Binti yetu Wangari, alipoanza shule, alimwambia mwalimu kwamba ana mjomba Uingereza ambaye paa lake linavuja na hakuna anayemsaidia. Mwalimu akatupigia simu kwa ile sauti ya upole ambayo taasisi za Uswidi huitumia kabla ya kuleta fomu. Wamuyu alimweleza kwamba mjomba alifariki karibu mwaka 1300. Mwalimu akasema amefarijika, kisha akauliza kama mtoto amepata mtu wa kuzungumza naye kuhusu msiba.

Barua iliyoleta matata yote ni ya mwaka 1293. Wamuyu alinitafsiria jikoni, nami nikamwomba airudie, na kesho yake pale kibandani nikajikuta naikariri huku nagonga tiketi za watu. Radulfu anamwandikia abati hivi:

"Baba, paa linavuja upande wa kaskazini. Watu wa hapa hawanipendi na siwezi kuwalaumu. Ndugu Gilebati alifariki kabla ya Kwaresima. Zaburi zetu huimbwa na pande mbili, upande mmoja ukiitikia mwingine, nami niko peke yangu. Basi naimba mstari, nakimbia ng'ambo ya pili ya kanisa, najiitikia, narudi. Magoti hayaruhusu tena. Ardhi ya hapa ni mfinyanzi mzito, ngano haisimami. Nakusihi unitumie..."

Na hapo pana neno moja fupi, kisha neno linalomaanisha "kinachofaa" au "anayefaa", kisha salamu na saini.

Neno lile lilianza na *so* na kuishia na *um*. Katikati wino ulikuwa umebanduka kwenye ngozi iliyoandikiwa, na mkunjo wa barua ulipita juu kidogo ya mstari. Mwaka 1938 profesa mmoja kijana, Sixten Lagerbom, alichapisha barua zote za sanduku lile, na pale katikati akasoma herufi moja, *l*. Ikawa *solum*. Udongo. Nitumie udongo unaofaa.

Kwa herufi hiyo moja Lagerbom alijenga nadharia. Abasia za Normandia, alisema, zilikuwa zikisafirisha udongo mzuri kwa meli kwenda kurutubisha mashamba yao ya Uingereza. Nadharia ya Udongo iliingia kwenye vitabu vya shule. Mji mmoja wa Normandia ulimpa medali. Watu wenye akili timamu walikaa kwenye mikutano wakikadiria meli moja ingebeba udongo kiasi gani, na hakuna aliyeuliza mmonaki mmoja mwenye magoti mabovu angeutandaza na nani.

Lagerbom mwenyewe alikuwa bado hai, amestaafu, ana miaka themanini na mitatu. Alikuja kwenye kila semina, akakaa mstari wa mbele, akazima kifaa chake cha masikio kila dosenti alipoanza kusema. Na lazima niseme ukweli: katika idara nzima yeye ndiye mtu pekee ambaye hakumuuliza Wamuyu habari za Wakikuyu. Alimuuliza habari za mihuri ya nta. Mara moja dosenti alipokosea kusoma neno la Kilatini na Wamuyu akamrekebisha, na chumba kizima kikatazama viatu, mzee aliwasha kifaa chake akasema, "Rudia, sikusikia."

Wamuyu alianza kutilia shaka udongo mwaka 1985. Sheria ya Kanisa, aliniambia, ilikataza mmonaki kukaa peke yake. Wawili ndio kiwango cha chini kabisa. Mwenzake amekufa, anakimbia huku na huku kanisani akijiitikia, halafu aombe udongo? Neno la mwenzi kwa Kilatini ni *socium*. Herufi mbili badala ya moja, *ci* badala ya *l*, na sarufi inakubali yote mawili.

"Basi umemaliza," nikasema.

"Sijamaliza. Yeye anasema *l*, mimi nasema *ci*. Yeye ana medali."

Aliyetuokoa ni Abdu Ssali. Ssali alikuwa Mganda, mpiga picha wa gazeti huko Kampala hadi siku alipopiga picha ambayo hakutakiwa kuipiga. Akakimbilia Nairobi, akakaa miaka minne na kupata Kiswahili chake huko, kisha akaja Uswidi, ambako walimpa kazi katika maabara ya picha kule Sundbyberg. Siku nzima alisafisha picha za Waswidi wakiungua jua visiwa vya Kanari. Jumamosi moja alikuja kula kwetu, akasikia habari ya mkunjo.

"Shemeji," akasema, "hiyo ngozi, kalamu yake ilikuwa ya nini?"

"Unyoya wa bata bukini, umechongwa."

"Umechongwa. Basi inakwaruza. Wino inaweza kutoka, lakini mkwaruzo iko pale tu. Wewe unaangalia na taa ya juu, na taa ya juu inafuta. Weka taa chini, hapa pembeni, karibu na meza. Utaona kama mfereji."

Mtunza nyaraka, mama mmoja aliyevaa glavu hata akinywa maji, alikataa mara mbili kwa maandishi. Mara ya tatu alikubali kwa sharti kwamba taa iwe yake, mkono uwe wake, na Ssali akae hatua tatu kutoka mezani. Mimi nilikuwepo, nimechukua ruhusa kazini kwa kisingizio cha jino. Mama yule aliishusha taa taratibu upande wa kushoto hadi mwanga ukalala juu ya ngozi. Vikwaruzo vikatoka kimoja kimoja. Herufi *l* ina shingo ndefu inayopanda juu ya mstari. Pale hapakuwa na shingo. Palikuwa na kijiduara kisichofungwa, na kando yake kijiti kifupi.

Wamuyu aliangalia muda mrefu. Kisha akatoka akaenda kukaa kwenye ngazi. Nilimfuata nikidhani anafurahi.

"Aliomba mtu," akasema. "Aliomba mtu, wakamwandikia udongo."

Ssali alipiga picha kumi na mbili, zote kutoka hatua tatu.

Dosenti Hedqvist aliziangalia picha hizo, akavua miwani, akaivaa tena.

"Inavutia," akasema. "Inavutia sana. Nadhani mahali pake ni kwenye tanbihi."

"Ni sura nzima ya nne," Wamuyu akasema.

"Tanbihi ndefu. Sixten ni mzee, unajua. Si suala la nani yuko sahihi. Ni suala la wakati. Baada ya miaka michache jambo hili litakuwa rahisi kwa kila mtu."

Alimaanisha kwamba tumsubiri afe. Alilisema kwa heshima kubwa, na nadhani alijiona mwema. Idara nzima, tulivyokuja kujua, ilikuwa inasubiri kwa heshima hiyohiyo. Wawili kati yao walishawahi kuutilia shaka udongo na kuiweka shaka hiyo kwenye droo.

Sikujivunia nilichofanya siku hiyo. Nilimuunga mkono dosenti. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka chumba changu, nilitaka siku moja tuseme jambo lisilo na abati ndani yake.

"Miaka saba, Mama Wangari," nikamwambia. "Weka tanbihi. Pata udaktari wako. Baadaye useme utakalo."

"Baba Wangari, abati alijibu ile barua. Unajua alijibu nini?"

"Hukuwahi kunisomea."

"Imeandikwa nyuma yake na karani. Kuhusu paa, avumilie. Kuhusu mengine, tutajadili." Aliweka kijiko mezani. "Miaka miwili baadaye mfalme anaandikisha wageni. Withercombe kuna mmonaki mmoja tu. Walijadili hadi leo. Na wewe unataka nami nimweke kwenye tanbihi."

Niliosha vyombo, ambalo ndilo jibu langu la kawaida.

Uamuzi wake ulikuwa huu: sura ya nne itabaki kama ilivyo, lakini mzee hataisoma kwanza ikiwa imetundikwa kwenye ubao wa chuo, kama tasnifu zote kabla ya utetezi. Atamwambia mwenyewe, uso kwa uso. Dosenti alipopata habari alisema hilo si la kawaida. Alikuwa amesahau kusema kwamba linavutia, na hapo tukajua kwamba ameogopa.

Tulikwenda Jumapili moja ya Februari, mimi, yeye, na keki. Lagerbom alikaa peke yake katika nyumba ya mbao huko Bromma, vitabu hadi chooni. Alitumiminia kahawa, akatuwekea biskuti za aina tatu kwenye sahani tatu. Wamuyu aliweka picha za Ssali mezani, akaeleza: mkunjo, taa, kijiduara, kijiti. Alieleza polepole, kwa adabu, kama mtu anayempa mwingine habari ya ugonjwa.

Mzee hakuzigusa picha. Aliinuka akaenda rafuni, akarudi na chupa ya glasi iliyojaa kitu cheusi. Ilikuwa na lebo ya karatasi, mwandiko mdogo: *Normandia, 1937*.

"Niliuchimba mwenyewe," akasema. "Kwa kijiko. Ni udongo mzuri sana."

"Naona, Profesa."

"Mtu mwenye ngano isiyosimama angeutamani."

"Angeutamani," Wamuyu akasema. "Lakini hakuuomba."

Lagerbom alimtazama. Nilitafuta pa kuweka macho yangu, nikayaweka kwenye biskuti. Kisha akauliza nani alimfundisha Kilatini, Wamuyu akamjibu ni masista wa Nyeri, akauliza walitumia sarufi gani, akajibiwa, akasema si mbaya. Akatushukuru kwa keki. Mlangoni alitushika mikono kwa zamu, na alipofika kwa Wamuyu alisema, bila hasira na bila joto, "Ni udongo, bibi." Tukarudi Alby. Kwenye treni Wamuyu aliniegemea bega, jambo ambalo halifanyi hadharani.

Desturi ya kule ni kwamba wiki tatu kabla ya utetezi, tasnifu hupigiliwa misumari kwenye ubao wa chuo, msumari wa kweli na nyundo ya kweli, watu wote waione. Waswidi ambao hawawezi kuinua sauti dukani hushangilia kitabu kikitobolewa. Wamuyu alipiga mara mbili msumari ukapinda. Mara ya tatu ukaingia. Kufikia Ijumaa idara nzima ilikuwa imeisoma sura ya nne, na watu walianza kumsalimu mke wangu kwa ile namna ya kumsalimu mgonjwa.

Utetezi ulikuwa Mei 1987. Ukumbi ulijaa kuliko kawaida. Watu waliokuwa hawajafungua kitabu cha Zama za Kati tangu shuleni walijisikia ghafla kuvutwa na Wabenediktini. Göran alikuja. Ssali alikuja na suti na mkewe Noeline. Wangari, miaka minane, alikaa mapajani mwangu akiuliza kwa Kiswidi kama watampiga mama.

Mpinzani rasmi, profesa kutoka Lund, aliuliza maswali kwa saa mbili. Alikuwa mkali na wa haki. Alisifu sura ya nne kwa maneno machache huku akiangalia daftari lake, si mstari wa mbele. Kisha mwenyekiti akauliza, kama desturi inavyotaka, kama kuna yeyote ukumbini mwenye la kusema. Kwa kawaida hakuna. Dosenti Hedqvist alishaanza kukusanya karatasi zake.

Lagerbom akasimama. Ilimchukua muda, maana alikataa kushikwa mkono. Dosenti alifunga macho.

"Nilikwenda kuangalia," mzee akasema. "Jumanne na Alhamisi. Jumanne sikuona kitu. Alhamisi nilimwomba yule mama ashushe taa zaidi upande wa kushoto." Akarekebisha kifaa chake cha masikio. "Ni *ci*."

Dosenti akafungua macho.

"Nimefundisha udongo kwa miaka arobaini na tisa. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na miaka thelathini na nne, na nilitaka kupata jambo kubwa. Mwenzi si jambo kubwa. Naomba iandikwe kwamba neno ni mwenzi, na kwamba mtahiniwa amelisoma sawasawa." Mwenyekiti akasema itaandikwa. Lakini mzee hakuketi. "Sasa. Ukurasa wa tisini na moja. Mtahiniwa anasema abasia ilikuwa na kengele mbili. Zilikuwa tatu."

Wamuyu akashika meza kwa mikono miwili.

"Ya tatu ilipasuka mwaka 1271, Profesa."

"Kengele iliyopasuka ni kengele."

"Haikupigwa tena."

"Haikuondolewa vilevile. Soma orodha ya mnarani."

"Nimeisoma. Inaitaja kama shaba."

Waliendelea hivyo kwa dakika kumi na mbili. Kamati ya watu watatu ilisikiliza kama watoto wanaosikiliza wazazi. Mwishowe mwenyekiti akawaomba wapumzike, na mzee akaketi, amechangamka, mashavu yana rangi ambayo sikuiona kwake Bromma.

Kamati ilikaa faragha nusu saa. Wamuyu alifaulu. Dosenti Hedqvist aliinua glasi yake mbele ya watu akasema kwamba Nadharia ya Udongo ilikuwa ikimsumbua tangu ujana wake, na kwamba anafurahi kumsimamia mtu aliyekuwa na ujasiri wa kulisema jambo ambalo wote walilijua. Wote walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, kiganja juu ya sahani niliyoshika, maana vinginevyo ningemrushia. Sherehe yenyewe ilikuwa kwenye ukumbi wa wapangaji Alby. Noeline alipika pilau, na profesa wa Lund alirudia mara tatu.

Majira ya kiangazi idara ilimwandikia Dakta Wamuyu barua nzuri. Walimpongeza tena. Walisema wana nafasi ya kufundisha muhula mmoja ambayo inamfaa yeye hasa, kwa kuwa Göran yuko safarini. Ilikuwa kozi ya utangulizi wa historia ya Afrika.

"Utakubali?" nikamuuliza.

"Nitakubali. Nitafanya vizuri. Halafu nitaondoka."

Ndivyo alivyofanya. Januari jumba la nyaraka likamwajiri kulipanga sanduku la yule mjumbe upya, barua moja moja, kazi ya miaka mitatu, na yule mama wa glavu akampa taa iwe yake. Wamonaki walihama nyumbani kwetu kwa masanduku manne. Nilipata chumba changu. Nilikaa ndani yake Jumapili moja nzima, nikaona ni kidogo kuliko nilivyokumbuka.

Kutoka Bromma zilianza kuja barua. Bahasha nyembamba, mwandiko mdogo, kila Jumatano. Mzee alikuwa akiisoma tasnifu upya, ukurasa kwa ukurasa, na kila alipopata kosa alimwandikia: tarehe ya ukurasa wa 102, jina la mto ukurasa wa 117, hali ya kitenzi ukurasa wa 130. Wamuyu alijibu kila barua siku ileile, akikubali moja kati ya tatu. Alikuwa akikaa mezani kabla hajavua koti, ananung'unika, anachana karatasi, anaandika tena. Nilimuuliza kwa nini asimpigie tu simu.

"Hasikii kwenye simu," akasema.

Barua ya kumi na nne ilihusu koma. Ilikuwa na kurasa mbili, na mwishoni, chini ya saini, mzee aliuliza kama tunaweza kwenda kwake Jumapili ijayo, na tafadhali bila keki, kwa kuwa daktari amemkataza sukari. Tulikwenda. Koma, kwa kadiri nilivyoweza kufuatilia, ilibaki pale ilipokuwa.